Mawe ya Pujini na Amri ya Nane

Ndugu zangu wa kalamu, leo nimekuja na ugomvi, na sitaki kuupaka sukari.

Sisi vijana tunaoandika tumegawanyika makundi mawili juu ya jambo la ukweli, na yote mawili, kwa maoni yangu, yanatudanganya. Kundi la kwanza ni la watu wa dini. Hawa wanatuambia: sema kweli na mambo yako yatanyooka. Utabarikiwa, utapata kazi, utaheshimiwa, maadui zako wataaibika. Kundi la pili ni la kijiweni. Hawa wanasema: bwana wee, kweli haina faida, msema kweli hufa maskini, mwandishi mjanja anajua pa kufumba mdomo na pa kumsifu mkubwa. Wa kwanza wanauza ukweli kama dawa ya kila maradhi, wa pili wanaukimbia kama ukoma. Lakini ukiwatazama vizuri, utaona wote wanauliza swali moja tu: nitapata nini?

Mimi nasema swali lenyewe ndilo bovu.

Naandika haya Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake. Majirani zangu ni Waislamu karibu wote, nami ni Mkatoliki, kwa hiyo nimezoea kuulizwa barazani Kitabu chetu kinasema nini hasa. Nitajibu kwa Kitabu hichohicho, maana naona kina ukali ambao wahubiri wetu wengi wameuchuja kama tui, wakatuachia machicha.

Tuanze na ile ahadi maarufu ya Yesu, kwamba ukweli huwapa watu uhuru. Imebandikwa kwenye kuta za shule, imeandikwa kwenye fulana, hata wanasiasa wasiojua imetoka wapi wanaitumia. Iko katika Injili ya Yohane, sura ya 8. Hebu isome sura nzima, usiishie kwenye mstari mmoja unaopendeza. Wanaoambiwa ahadi ile wanaanza kwa kukasirika, eti wao hawajawahi kuwa watumwa wa mtu. Mabishano yanapanda. Mwisho wa sura watu wanaokota mawe ili wampige msemaji. Naam, sura yenye ahadi ya uhuru inamalizika kwa mawe mikononi mwa watu. Na Yesu anafanya nini? Anajificha, anatoka hekaluni. Hakubaki pale apigwe ili aonekane shujaa. Haya mawili, mawe na kule kujificha, ndiyo wahubiri wasiyotubandikia ukutani. Nami nitayahitaji yote mawili kabla sijamaliza.

Sasa, tuwapime watu wawili walioambiwa kazi moja. Wa kwanza ni nabii Natani. Mfalme Daudi amemchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria afie vitani. Natani anaingia kwa mfalme na kumtolea hadithi ya tajiri aliyemchinja mwanakondoo pekee wa jirani yake maskini. Daudi anawaka hasira, anatoa hukumu juu ya yule tajiri, ndipo Natani anamwambia kwamba tajiri ni yeye. Daudi anakiri. Natani anarudi nyumbani salama.

Wa pili ni Yohane Mbatizaji, ambaye majirani zangu humwita Nabii Yahya. Naye alimwambia mtawala kwamba mke aliyemchukua si wake. Herode, kwa mujibu wa Injili ya Marko, alipenda kumsikiliza. Lakini alimtia gerezani, na katika karamu moja, kwa ajili ya kiapo alichomwapia binti mbele ya wageni, kichwa cha Yohane kikaletwa kwenye sinia. Kanisa linaikumbuka siku hiyo kila tarehe 29 Agosti.

Kosa ni lilelile, ujasiri ni uleule, na Mungu ni yuleyule. Mmoja akaenda kulala kwake, mwingine akakatwa kichwa. Je, utasema Natani alisema kweli zaidi? Utasema Yohane alikosea namna ya kusema? Wapo wanaosema hivyo, ati Yohane angetumia busara kidogo. Maandiko hayasemi hivyo hata mara moja. Maandiko yanawaweka wote wawili upande mmoja, na kwa hiyo yanatuambia kwamba matokeo si kipimo cha ukweli. Kilichotofautiana ni moyo wa aliyesikia.

Na mtazame Daudi pia. Alikiri, akasamehewa, na bado mtoto akafa, na bado upanga haukutoka nyumbani mwake. Kusema kweli hakukufuta deni. Padre anayekuambia kwamba ukiungama mambo yanarudi kama yalivyokuwa, hajaisoma sura ya 12 ya Kitabu cha Pili cha Samweli.

Kwetu Afrika ya Mashariki tunaye Yohane Mbatizaji wetu, na ajabu ni kwamba watu wanamkumbuka kidogo kuliko wenzake. Kila tarehe 3 Juni mahujaji wanajaa Namugongo kuwakumbuka Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa moto mwaka 1886. Lakini kabla yao alikuwapo Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa watumishi katika nyumba ya Kabaka Mwanga. Mwezi wa Oktoba 1885 Mwanga aliamuru Askofu James Hannington auawe huko Busoga. Balikuddembe alimkemea mfalme wake kwa mauaji hayo, na aliwakinga vijana wa ikulu wasitumiwe na mfalme kwa tamaa zake. Tarehe 15 Novemba 1885 akauawa.

Sasa sikiliza vizuri. Hannington alikuwa Mwanglikana. Siku zile Wakatoliki na Waanglikana wa Buganda walikuwa wapinzani, wakigombea roho zilezile na sikio la mfalme yuleyule. Balikuddembe angeweza kunyamaza na hata kufurahi kimoyomoyo. Alikufa akitetea haki ya mtu asiyekuwa wa upande wake. Na kifo chake hakikumzuia mfalme: miezi saba haikufika, kuni zikawashwa Namugongo. Papa Paulo VI alipomtangaza kuwa mtakatifu pamoja na wenzake 21, tarehe 18 Oktoba 1964, hakumtangaza kwa sababu mpango wake ulifaulu. Mpango haukufaulu. Alitangazwa kwa sababu alisema lililokuwa kweli, kwa mtu aliyepaswa kuambiwa.

Hapo ndugu zangu wa kijiweni watapiga makofi: si unaona? Ndiyo maana tunasema nyamaza!

Subirini kwanza. Kunyamaza na kudanganya si kitu kimoja, na Kanisa limelichambua jambo hili kwa karne nyingi kuliko kijiwe chochote. Kuna kisa cha wakunga wa Kiebrania, Shifra na Pua, waliomdanganya Farao ili kuwaokoa watoto wachanga, na Mungu akawatendea mema. Mtu wa haraka atasema: basi, uongo wa wema unaruhusiwa. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini, aliandika vitabu viwili juu ya uongo, kimoja karibu mwaka 395 na kingine karibu mwaka 420. Kile cha pili kilijibu swali la kweli la wakati wake: je, Mkatoliki anaweza kujifanya mzushi ili awanase wazushi? Augustino akakataa. Na kuhusu wakunga alisema kwamba Mungu alilipa huruma yao, hakulipa uongo wao. Ni jibu gumu. Nakiri kwamba kuna usiku linanikaa kooni, kwa sababu nikiwafikiria wale watoto siwezi kumnyooshea Shifra kidole. Wala Augustino hakumnyooshea. Alikataa tu kuugeuza uongo kuwa kanuni.

Hata Katekisimu ya Kanisa Katoliki imepitia mvutano huo. Ilipotolewa mwaka 1992, kifungu cha 2483 kilieleza kwamba kudanganya ni kumpotosha mtu mwenye haki ya kuujua ukweli. Toleo rasmi la Kilatini la mwaka 1997 likayafuta maneno hayo ya haki. Maana yake nini? Maana yake mlango wa nyuma umefungwa: usijitungie orodha ya watu ambao unaruhusiwa kuwadanganya. Lakini kifungu cha 2489 kikabaki palepale, nacho kinafundisha kwamba halazimiki mtu kumfunulia ukweli yule asiyestahili kuujua. Uongo hapana, siri ndiyo. Huwezi kumdanganya askari anayemtafuta jirani yako, lakini hulazimiki kumwonyesha chumba.

Yeremia alituonyesha jinsi ya kutembea kwenye ukuta huo mwembamba. Wakuu wa Yerusalemu walimtumbukiza kwenye kisima chenye matope kwa sababu alisema mji utaanguka. Aliyekwenda kwa Mfalme Sedekia kumtetea hadharani alikuwa Mwafrika, Ebed-Meleki Mkushi, naye ndiye aliyemvuta kwa kamba na matambara. Kisha mfalme akamwita Yeremia faraghani, akamsikiliza, akamwomba asiwaambie wakuu waliyozungumza, aseme tu kwamba alikuwa anaomba asirudishwe kwenye nyumba ya Yonathani kufia huko. Ombi hilo Yeremia alikuwa amelitoa kweli. Wakuu walipomuuliza, alisema hilo akaishia hapo. Mtu huyuhuyu aliyesema yote mbele ya mfalme mpaka akazamishwa topeni, alijua pia pa kuweka nukta. Mfalme alikuwa na haki ya kusikia, nao wauaji hawakuwa nayo.

Na Sedekia je? Alisikia ukweli, akauogopa, akauficha. Mji ulipoanguka, mwaka 587 au 586 kabla ya Kristo, aliona wanawe wakichinjwa, kisha akatobolewa macho. Kijiwe, mnahesabu gharama za kusema tu. Gharama za kuziba masikio nani atazihesabu?

Sasa nirudi hapa nilipo. Wageni wanaokuja Pujini wanaonyeshwa boma la udongo, handaki, njia ya maji iliyounganisha ngome na bahari, na chumba cha chini ya ardhi chenye umbo la siwa lililofinyangwa kwa chokaa. Wanaakiolojia, akiwamo Adria LaViolette aliyefanya kazi hapa miaka ya 1990, wanaiweka ngome hii katika karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16. Wenyeji wanasimulia kwamba mwenyewe alikuwa Muhammad bin Abdulrahman. Lakini nani anamwita hivyo? Kila mtoto anamjua kwa jina la Mkame Ndume, mkamuaji wa wanaume. Masimulizi yanasema aliwabebesha watu mawe kichwani huku wakisota, makalio chini, ili wasipate hata heshima ya kusimama. Yanasema pia alikuwa na wake wawili wenye wivu, akagawa kisima kwa ukuta ili wasikutane wakiteka maji.

Nina mambo mawili ya kusema juu ya jina hilo, na la pili litawaudhi wengi.

La kwanza: wabeba mawe hawakuacha hata herufi moja. Hatuna shairi lao, hatuna kaburi lenye majina yao. Walichoacha ni jina walilompa bwana wao, au walilopewa na wajukuu zao kulihifadhi. Alijenga ngome ya kujisifu, wao wakatia neno moja, na neno limekaa mahali ambapo kuta zimelala. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ukweli wa mnyonge hauna uzito. Na pia asiniambie kwamba kunyamaza ni amani. Jiulize waliokuwa wakipita njiani, wale wenye nguo safi, waliowaona wenzao wakisota na kusema hayawahusu. Siri inayomlinda anayeteswa ni siri. Kimya kinachomlinda mpita njia peke yake ni ushahidi wa uongo usio na maneno. Yeremia alinyamaza kwa ajili ya uhai wa mtu. Sisi wengi tunanyamaza kwa ajili ya chai na maandazi.

La pili: Amri ya Nane, kama Wakatoliki tunavyoihesabu, inakataza kumshuhudia jirani uongo. Haikusema jirani mwema tu. Mkame Ndume naye ni jirani. Yote tunayoyajua juu ya ukatili wake yametufikia kwa midomo, na midomo hiyo huenda ilikuwa na ugomvi wake. Udongo unasema palikuwa na ngome, utajiri na biashara ya ng'ambo. Udongo hausemi nani alisota. Mimi nayaamini masimulizi kwa kiasi kikubwa, lakini nayaita masimulizi. Kijana mwenzangu anayetunga tamthilia na kumwongezea sultani uchawi, unyonyaji damu na mimba za dada yake, halafu akaandika juu ya jalada kwamba ni historia ya kweli, huyo hajampinga dhalimu. Ameazima kalamu ya dhalimu. Katekisimu inaikataza hukumu ya haraka haraka pamoja na masingizio, na haikutoa ruhusa maalumu kwa waandishi wenye hasira.

Kama tunataka haki ya kusema juu ya wengine, lazima kwanza tuseme juu yetu. Wakatoliki wa pwani tunasimulia kwa fahari habari za mashahidi wa Mombasa wa mwezi wa Agosti 1631, Wareno na Waafrika waliobatizwa, waliouawa kwa kukataa kuikana imani. Fahari hiyo ni halali. Lakini mbona hatuanzii mwanzo? Aliyewaua, Yusuf bin Hasan, alikuwa mtoto baba yake alipouawa mwaka 1614 kwa njama ya Wareno. Wakampeleka Goa, wakamlea watawa wa Mtakatifu Augustino, wakambatiza Dom Jerónimo Chingulia, wakamrudisha Mombasa awe mfalme wao. Wakamwonea na kumdharau kama kawaida. Habari ikavuja kwamba alionekana akisali kwa Kiislamu kwenye kaburi la baba yake. Alipojua anachunguzwa, akaivamia Ngome ya Yesu.

Sitetei mauaji ya wanawake na watoto. Dhambi yake ni yake. Lakini nani alimfundisha mtoto huyu kuishi na sura mbili? Watawa wa Augustino, aliyesema huwezi kujifanya mwenye imani usiyo nayo hata kwa kusudi jema, walimlea mtoto katika mazingira ambayo kusema alivyo kungemgharimu kila kitu. Waliokufa 1631 walikufa kwa ukweli wao, na walikufa pia kwa uongo uliojengwa na wakubwa wao. Nikisema la kwanza nikaficha la pili, mimi ni mpiga debe wa kanisa langu. Shahidi hazungumzi hivyo.

Sasa sisi waandishi. Mnaongea juu ya uhuru wa kalamu kana kwamba anayetukandamiza ni serikali tu. Hebu tutazame gazetini mwetu. Rafiki akileta shairi bovu tunaliita tunu. Mwingine anachukua ngonjera ya marehemu, anabadilisha beti mbili, anaweka jina lake, na tunaojua tunacheka pembeni. Mwingine anaandika utenzi wa kumsifu mheshimiwa siku ile ile anayoomba mchango wa kuchapisha kitabu. Hakuna polisi aliyetulazimisha. Tunasota wenyewe, na mawe tumejitwisha.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa aliandika mwaka 1968 waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Swali tu, ndugu zangu. Kwa hilo alifungwa kuanzia 1969 mpaka 1972. Mashairi aliyotunga gerezani yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Watu wa kundi la kwanza wanapenda sana mwisho huo: mnaona, hatimaye kweli imelipa! Hapana. Tuzo haikumrudishia siku hata moja. Na kama tuzo isingekuja, waraka ungekuwa wa kweli vilevile. Abdilatif si Mkatoliki, wala sihitaji awe, kama Balikuddembe asivyohitaji Hannington awe wake.

Basi nadai nini? Nadai mambo matatu, na siyaombi kwa unyenyekevu. Moja, tuache kuahidi watu kwamba ukweli utawanufaisha. Anayeingia kwa ahadi hiyo atatoka siku ya jiwe la kwanza. Mbili, tujifunze ufundi wa Natani: hadithi si mahali pa kujificha ukweli usikutane nao, ni mlango wa kumwingizia mkubwa neno ambalo angelifukuza likija na nguo zake za kawaida. Tatu, kabla hujanyamaza jiulize kimya chako kinamlinda nani. Kama kinamlinda asiye na pa kukimbilia, nyamaza, na Kanisa liko nyuma yako. Kama kinakulinda wewe na kiti chako, sema.

Gharama ipo. Sijui kwako itakuwa sahani au sinia. Najua tu kwamba asiyesema naye analipa, isipokuwa yeye hutuma bili kwa wengine.

Atakaye kunijibu na anijibu kwenye kurasa hizihizi. Aje na hoja zake zote na hasira zake zote. Ila tafadhali, asije na sifa.